Nani Kanipa Cheo cha Mtunza Picha za Ukoo?

Kwenye ukoo wetu kuna mweka hazina, kuna mshenga, kuna yule anayejua bei za majeneza, halafu kuna mimi, mtunza picha. Hakuna kikao kilichonichagua. Nilinunua laptopu yangu kimya kimya, watu wakaona inawaka, wakaanza kuleta flashi.

Na ingekuwa flashi peke yake ningenyamaza. Zinakuja memori kadi zimefungwa kwenye pindo la khanga. Zinakuja CD za mpiga picha wa harusi, zimeandikwa kwa maka peni "USIPOTEZE", na hakuna tena mashine ya kuzisoma mtaa mzima. Inakuja simu ya kioo kilichopasuka, mwenyewe anakuambia: "Toa picha zote, ila zile nyingine usiangalie." Sasa nitajuaje kuwa ndizo zile nyingine?

Nikasema basi, nifanye kisomi. Nikaweka programu ya kupanga na kusafisha picha. Jina silitaji. Zipo za kulipia kila mwezi kama king'amuzi, zipo za bure kama digiKam, na zote zinajisifu kwamba picha yoyote utaiona kwa kufumba na kufumbua. Na kweli zinajua mambo: tarehe, saa, aina ya kamera, lenzi, hata kama taa ya kamera iliwaka au haikuwaka. Shida ni kwamba toka nizaliwe hakuna ndugu aliyeniuliza kuhusu taa. Shangazi anapiga simu, hata shikamoo yangu haijafika vizuri: "Baba, nitafutie ile picha niliyovaa kitenge cha njano, kabla sijanuniana na wifi yangu, mvua ilikuwa inataka kunyesha." Haya, kaandike hayo kwenye kisanduku cha kutafutia uone.

Ikabidi nianze kubandika lebo za kwetu. Programu inakuruhusu kuipa kila picha maneno yako ya kuitafutia, basi mimi ninayo: "sare ya njano", "kabla ya ugomvi", "baada ya ugomvi", na moja inaitwa "ugomvi wenyewe". Zinafanya kazi sana. Ila maneno hayo hubaki ndani ya faili ukiitoa kumtumia mtu, kwa hiyo kabla ya kutuma chochote nahakikisha nimezima maelezo. Sitaki kuitwa kikaoni.

Hizo tarehe zenyewe usizisifie sana. Kamera ya baba mdogo ikikaa bila betri muda mrefu, saa yake inarudi 1 Januari 2000. Na baba mdogo si mtu wa kubonyeza bonyeza mipangilio. Matokeo yake, kwa mujibu wa programu, siku ile ya mwaka mpya ukoo wetu uliozesha, ukabatiza, ukazika, ukahitimu chuo na kumwaga zege la nyumba ya bibi, yote kabla ya saa kumi na mbili jioni. Kuna bibi harusi amehudhuria akiwa na mwanaye wa darasa la pili.

Dawa ipo, na hapa lazima niisifie programu. Kwenye picha za send-off ya binamu yangu, mtoto wa shangazi, nilikuza moja mpaka nikasoma bango lililokuwa nyuma ya meza kuu: 14/8/2010. Ukishaijua tarehe ya picha moja unaisogeza, na programu inazisogeza nyingine zote ulizochagua kwa umbali uleule. Saa ya kamera ilianza vibaya tu, mwendo wake ulikuwa sawa. Nilijiona mpelelezi wa makao makuu. Nikaenda kumsimulia mke wangu jikoni. Akasema gesi imeisha.

Za WhatsApp ndiyo sina hamu nazo. Picha ikipita huko inavuliwa maelezo yake yote, inabanwa, halafu inafika na jina kama IMG-20190412-WA0007. Hiyo tarehe ni ya siku picha ilipopita WhatsApp, si ya siku ilipopigwa. Ndiyo maana babu yangu, nyeusi na nyeupe, na bugaluu lake na afro, amekaa katikati ya mwaka 2019 jirani na risiti ya luku.

Kuna na utambuzi wa nyuso. Unawasha, kompyuta inakoroma usiku kucha, asubuhi inakuletea viduara: "Huyu ni nani?" Huyu ni mjomba. Huyu ni mjomba pia, kanenepa. Huyu ni uso uliochapwa kwenye fulana ya kampeni. Kwetu fulana za kampeni ndizo nguo za kupikia shughuli, kwa hiyo kwa hesabu za programu yule mgombea amehudhuria misiba yetu kuliko mimi. Ndafu wa ile send-off naye kawekewa duara, na majani yake mdomoni.

Na huyo ndafu ndiye aliyeniletea balaa.

Shangazi na mumewe waliachana miaka kadhaa baada ya sherehe ile. Mwaka huu shangazi akaja mwenyewe, kiti akasogeza, akasema: "Nitolee huyo." Picha ni nzuri kwa kweli: wazazi wawili wa binti, ndafu kasimamishwa mezani mbele yao. Nikakata upande wa kulia, mjomba akaondoka. Namwita mjomba bado. Yeye kaachana na shangazi, mimi sijaitwa mahakamani. Lakini mkono wake ukabaki begani kwa shangazi, na saa yake ya rangi ya dhahabu.

"Na huo mkono wa nani?"

Nikachukua brashi ya kuziba madoa. Brashi hiyo inaokota rangi za jirani na kufunikia, na jirani ya mkono ilikuwa maua ya kitenge. Bega likatoka na ua moja na nusu. Shangazi akaridhika na bega. Akashuka na kidole kwenye kioo: "Miguu ya nyuma ya mbuzi iko wapi?" Imekwenda na mjomba, shangazi, alikuwa amesimama upande huo.

Mtoto wangu, ambaye hajui kunyamaza, akamwonyesha kitufe cha kurejesha. Mjomba huyo akarudi, na suti, na mkono, na saa. Shangazi akaruka. Nikaanza kazi ya kumweleza kwamba programu hii haigusi picha ya asili. Inaandika pembeni maelekezo tu, kata hapa, ziba pale, na ukiyafuta maelekezo kila mtu anarudi alipokuwa. Akaniangalia kwa uchungu. "Kwa hiyo siku zote hizi yumo humo ndani?"

Yumo, shangazi.

Jioni mjomba naye akatuma ujumbe. Hawajambo huko, wanasalimia, anaomba ile ya send-off ya binti yake, "ila upande wa kushoto punguza punguza". Nikamtengenezea nakala ya pili juu ya faili lilelile, maana programu inakubali picha moja iwe na maelekezo ya aina mbili. Nikatuma. Haikupita dakika: mbona mbuzi hana kichwa?

Sasa wote wawili wanamtaka ndafu mzima. Shangazi anasema mbuzi alitoka zizini kwa kaka yake. Mjomba anasema risiti anayo.