Nadaiwa ndiyo, ila salamu je?

Jamani mi sijakataa kulipa. Elfu 30 nilikopa mwenyewe kwenye hii mikopo ya simu, zile kausha damu, nikaingiziwa elfu 21 eti nyingine ada, siku saba zikapita sina kitu. Ya nane saa kumi na moja alfajiri simu inaita, namba siijui, napokea moyo unadunda najua msiba huo, nasikia "we mwizi, unalipa lini?" Hata shikamoo hamna! Hata habari za kuamka!

Hapo bado. Wakatuma meseji kwa kila niliyemsevu. Bosi kapata, mchungaji kapata, mama mkwe kapata akapiga kwa upole kabisa, "baba Neema, kwani huko mnakula?" Fundi wa vitasa ndo kanimaliza, kawajibu "afadhali mmenikumbusha, na mimi namdai elfu 15." Yani wadai wangu sasa wanajuana, bado kuchagua mwenyekiti na mweka hazina tu.

Novemba 2024 Benki Kuu ikatoa orodha ya aplikesheni 69 zinazokopesha bila leseni, nikavaa miwani nikaipekua moja moja kama natafuta jina la mwanangu kwenye matokeo ya kidato cha nne. Nilivyoiona ya kwangu nikaruka, mke wangu anatoka jikoni anauliza tumefaulu?

Sasa njoo kwa mangi wa hapa mtaani. Sukari yake, unga wake, tangu mwezi wa pili, na neno deni hajawahi kulitamka. Akiniona ni "baba Neema, wazima nyumbani? Mtoto kikohozi kimeisha?" Basi. Bora aniite mwizi! Hicho kikohozi ndo kimenifanya siku hizi nikienda stendi nazungukia nyuma ya msikiti, kwenye matope, na viatu vyenyewe ndo hivihivi.

Jana Neema karudi na mafuta ya kupima, "baba, mangi kasema upite tu, hata kama huna, msalimiane." Roho ikaniuma. Nikaoga, nikaenda, nikampa elfu tano nikamwambia mangi iliyobaki tarehe mbili, akasema wala usijali ndugu yangu, akafungua soda ya baridi akanipa. Nimekunywa nimeshukuru, nageuka kuondoka namwona kainamia daftari anaandika.

Soda moja.