Roketi ya Amur: gesi ni safi, mzigo je?

Enzi za karabai, kila asubuhi pale Kibirizi, Kigoma, ungemkuta mtu amechuchumaa mchangani na kitambaa mkononi, anafuta masizi kwenye kioo kabla taa haijarudi ziwani usiku kuvua dagaa. Mafuta ya taa yana mwanga, lakini yanachafua.

Roketi ya Falcon 9 ya kampuni ya SpaceX ya Marekani nayo huunguza mafuta ya taa, ila yaliyosafishwa sana, na injini zake zikirudi duniani zina masizi. Ndiyo maana Warusi, kwa roketi yao ya Amur inayokusudiwa kurushwa tena na tena, wamechagua gesi ya methani. Inaungua safi. Tena huwa kimiminika kwenye nyuzi 161 chini ya sifuri, si mbali na oksijeni ya kuiunguzia, ya nyuzi 183, hivyo matangi mawili hukaa jirani bila taabu kubwa. Hapo sina ubishi nao. Wachina walishaonyesha Julai 2023 kwamba methani inafikisha roketi kwenye obiti, yaani njia ya kuizunguka dunia, kwa roketi yao ya Zhuque-2.

Ninachobishia ni hesabu. Roscosmos, shirika la anga la serikali ya Urusi, lilisaini mkataba wa kuisanifu Oktoba 2020, likataja safari ya kwanza 2026 na bei ya dola milioni 22 kwa kila safari. Tarehe imeshasogezwa hadi karibu 2030. Kurudi nako kunakula mzigo: bila kurudi Amur ingebeba tani 12.5, lakini ikitunza mafuta ya kutua inabaki na tani 10.5.

Roketi ya kurudi hulipa tu ikisafiri mara nyingi, na wenye boti za abiria huku kwetu wanalijua hili vizuri. Boti kubwa ina fundi wake na nahodha wake, na wote wanataka kula hata siku ambayo haikung'oa nanga. Ikikosa abiria, afadhali mwenye mtumbwi. Mwaka 2024 Urusi ilirusha roketi 17. Falcon zilipita 130. Na baada ya vita vya Ukraine kuanza 2022, OneWeb, kampuni ya setilaiti za intaneti, waliacha kutumia roketi za Kirusi za Soyuz, wakahamia SpaceX na India.

Wapo wanaosema serikali haipaswi kuhesabu nauli peke yake, na hoja hiyo naiheshimu. Meli ya MV Liemba ya Ziwa Tanganyika iliundwa Ujerumani 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande, ikazamishwa 1916. Waliokuja kuiibua 1924 hawakufanya kazi ya faida ya haraka, lakini tangu 1927 ilibeba watu wa vijiji visivyo na gati wala barabara kwa miongo mingi. Taifa linalotaka njia yake lenyewe ya kwenda angani lina haki ya kuigharamia.

Ila Liemba iliibuliwa watu wakiwa tayari wamekaa ufukweni na mawese yao na magunia ya mihogo. Abiria wa Amur ni setilaiti, na nyingi ya hizo bado hazijaundwa. Ningekuwa mpangaji wa fedha za Roscosmos, ruble za kwanza zingekwenda kwenye kiwanda cha setilaiti.