Mninga haukuomba rangi ya mafuta

Juzi nimepita nyumbani kwa shemeji yangu, Ipuli, nyumba inayosubiri kuhamiwa. Nikakuta mlango mkubwa wa mninga umepakwa rangi ya mafuta ya kahawia. Kahawia! Mbao iliyozaliwa kahawia imefunikwa na rangi inayoigiza mbao. "Si unang'aa, shemeji?" Unang'aa, nikamjibu, maana nilikuwa nimekaribishwa chakula.

Hapa ninapoandika sikaribishwi na mtu, kwa hiyo naongea. Tuko Tabora, jamani. Watu wa Dar es Salaam wanautafuta mninga kwa tochi, sisi tuliozungukwa na miombo tunaufukia. Ni kutia sukari kwenye asali ya Sikonge.

Najua ilivyotokea, maana nyumba nyingi huishia hivyo. Hela imeishia kwenye bati na marumaru. Baba mkwe anataka watu wahamie kabla ya Pasaka. Seremala kashusha milango, kalipwa, kaondoka. Kazi ya kumalizia akaachiwa fundi rangi wa ukutani, na yeye kafanya anachokijua. Msasa hakuna aliyepiga. Ukiutazama mlango kwa ubavu, mwanga ukiupiga, mistari ya mashine ya randa unaihesabu. Rangi nzito ilichaguliwa kwa sababu inaficha uvivu.

Na msasa ndiyo kazi yenyewe. Unaanza na namba 80 kuondoa alama za mashine, unakuja 120, unamalizia 180 (namba ikikua, msasa unakuwa laini zaidi), mkono ukifuata nyuzi za mbao, siyo kuzikata. Unafuta vumbi lote. Unapaka sila, ile ya kuziba vinyweleo vya mbao kabla ya vanishi, inakauka, nyuzi zinasimama na mbao inakwaruza tena. Unapitisha 240 kwa mkono mwepesi. Ndipo vanishi, unapaka mara mbili au tatu, na msasa laini katikati. Hakuna uchawi hapo. Lakini mtu analipia mninga bila kubisha, akisikia fundi anadai hela ya siku ya msasa anashika kiuno: "Kusugua tu?" Ndiyo, mzee. Kusugua tu. Lipa.

Kingo za juu na chini za mlango nazo zipakwe kabla haujafungwa kwenye bawaba. Hakuna anayeziona, kwa hiyo hakuna anayezipaka, na huko ndiko ncha za nyuzi zilikokatwa na unyevu unakoingia kirahisi. Mvua za Novemba zikianza, mlango unatanuka kwa upana na kugoma kufunga. Januari unaita fundi aurande. Kiangazi kikija, mwanya. Mninga una nafuu, hautanuki sana kama mbao nyingine nyingi, ila ukiwa umekatwa mbichi na kurandwa juu kwa juu, usitegemee huruma.

Vitasa vifungwe mwisho. Vumbi la plasta liishe kabla kopo la vanishi halijafunguliwa.

Sawa, nakubali, kibali na bei ya mninga si vya kila mtu, na msonobari wa shamba la miti la Sao Hill upake rangi unayotaka, hata ya waridi. Sina ugomvi.

Ila shemeji ananiambia rangi imewekwa kuzuia mchwa. Mchwa gani? Kiini cha mninga wanakikwepa wenyewe. Wanachopenda ni ule weupe wa pembeni ambao seremala aliuacha ili mbao itoshe upana. Na wanapanda kupitia mguu wa fremu uliozama kwenye zege, ambako brashi ya huyo fundi haikufika.