Kesi ya Maksuudi Uwani Kwetu

Mwaka huu nimesoma riwaya kwa fujo. Sina mpango wala mwalimu. Nanunua vitabu vya mtumba vinavyotandazwa kando ya barabara pale Posta, chochote ambacho mchwa hawajakitangulia. Nilianza na Rosa Mistika ya Kezilahabi, ile ya 1971 ambayo kuna wakati ilipigwa marufuku mashuleni. Kwa sifa zake nilitegemea uchafu, nikakuta kilio. Yule Zakaria, mlevi wa Namagondo kule Ukerewe, anamshushia binti yake kipigo kwa sababu ya barua ya mvulana, na mwandishi hakuachii hata upenyo wa kupumua. Nikaenda Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed. Kiswahili chake kitamu, sentensi unairudia makusudi, ila Idi alinikera sana. Bahati anampenda, yeye anahesabu pesa. Nikapoza roho kwa Mzimu wa Watu wa Kale, na yule mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Huyo naye ana tabia mbaya. Anajua kila kitu mapema, halafu anakaa kimya mpaka mwisho ili sisi wengine tuonekane mambumbumbu.

Kisha nikaingia Utengano ya Said Ahmed Mohamed. Hiyo ndiyo iliyotuletea balozi wa nyumba kumi uwani.

Nyumba ninayopanga iko Magomeni, nyumba ya Kiswahili hasa: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, choo na jiko nyuma uwani. Kuta zimepanda mpaka usawa wa kichwa na nusu hivi, zikakata tamaa. Juu hakuna dari, ni mabati tu, na hewa ni ya wote. Mtu akipiga chafya chumba cha mbele, wa chumba cha nyuma anasema afya. Simu yangu nayo ilishakufa ile spika ya sikioni, kwa hiyo kila nikipiga natumia spika ya nje, nyumba nzima inasikia pande zote mbili za maongezi.

Na ninayeongea naye kila usiku ni mdogo wangu wa kike aliyeko Morogoro. Yeye ana nakala yake, tunasoma sambamba. Hatujawahi kusema "katika kitabu" au "mhusika". Tunawataja watu kwa majina, kama tunavyowataja wajomba zetu.

"Kaka, umesikia? Maksuudi kampa Tamima talaka!"

"Na uchungu wote ule?"

"Na uchungu wote ule. Kampiga juu. Kisa kamkuta mkunga ndani."

"Huyu mzee hana utu. Na Maimuna?"

"Katoroka usiku."

"Atoroke! Mtoto wa kike unamfungia ndani miaka yote, hata dirishani asichungulie, unategemea nini?"

"Afadhali hayo. Unajua kumbe Kazija anatembea na Maksuudi na mtoto wake? Baba na mwana, kaka! Mlango mmoja!"

Hapo redio ya chumba cha pili, ambayo haizimwi hata mtaani kukiwa na msiba, ilizimwa. Nilidhani betri.

Kesho yake asubuhi bibi anayeuza maandazi barazani alinifungia manne kwenye gazeti, akakataa hela. "Kula, mwanangu. Mtu mwenye mawazo asipokula anaanguka." Nikashukuru, nikajua ni ukarimu wa Ijumaa. Kijana wa bodaboda, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akanipeleka kazini bure, na njia nzima anasema na upepo: "Familia, braza. Familia ni mtihani. Kila nyumba ina ya kwake." Nikaitikia kwamba ni kweli. Nani atabisha kitu kama hicho saa moja asubuhi, tena kapanda bure?

Mama mwenye nyumba ndiye aliyenitia shaka kidogo. Alinisubiri bombani jioni, akashusha sauti kwa namna ambayo mtaa mzima ulisikia vizuri zaidi. "Kama yule binti anahitaji pa kujisitiri, stoo naweza kuitoa mkaa. Kodi tutaongea, sitakuumiza."

"Binti yupi, mama?"

"Haya, nifiche. Mimi siyo mama yako."

Mdogo wangu alikuwa amenitaarifu anakuja wikiendi, nikaona labda mama kasikia hilo na anafanya biashara yake mapema. Nikamwambia nitamjulisha.

Jumamosi nilikuwa kazini. Haya yanayofuata nimeyapata kwa mdogo wangu mwenyewe, na amenisimulia mara nyingi kuliko nilivyoomba, kila mara akicheka mahali papya.

Aliteremka kituo cha Magufuli pale Mbezi, akapanda daladala, akafika kwetu mchana na begi moja, vumbi tupu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alipobisha hodi na kusema anamtafuta kaka yake, bibi wa maandazi aliweka mwiko chini akamkumbatia. "Umefika, mwanangu. Umefika salama." Wanawake wakatoka vyumbani. Mmoja kampokea begi, mwingine kamletea maji ya kunawa, mwingine kamwekea uji wa pilipili manga. Godoro likatolewa ndani likatandikwa kwenye mkeka. Mama mwenye nyumba akasema kwa sauti ya mkutano: "Hapa hakuna Maksuudi atakayekugusa hata ukucha."

Sasa mdogo wangu alifikiri nini? Alifikiri nimeisomesha nyumba nzima. Anasema moyo ulimjaa, akajiona amefika kwa watu wake.

"Na nyinyi mnamjua Maksuudi?" akauliza, kafurahi.

"Tunamjua! Usiku mzima tunamsikia!"

"Basi mama zangu, huyo mzee mwisho wake mbaya. Nyinyi subirini tu."

Wakatazamana. Bibi akamwuliza taratibu, hali ya Tamima ikoje. Mdogo wangu, kijiko cha uji mdomoni, akajibu: "Tamima mimi nimemwacha ukurasa ule ule wa talaka, nimemruka kidogo nimfuate Maimuna." Kwa maelezo ya bodaboda, neno ukurasa lilipita bila mtu kulijali, kilichosikika ni kwamba binti kamwacha mama yake mgonjwa na talaka mkononi, anakunywa uji. Bibi akaanza kulia. Hapo ndipo mtu akatumwa kwa balozi.

Balozi wetu ni mzee wa taratibu. Alikuja na kofia, kalamu mbili na lile daftari lake kubwa la wageni na ugomvi. Akaketi kwenye kigoda, akavuta miwani.

"Jina la mlalamikiwa?"

"Maksuudi," wakajibu kwa pamoja.

"Kazi yake?"

"Mtu wa siasa," akasema mdogo wangu, ambaye bado alidhani huu ni mchezo wa wapenzi wa vitabu na mzee huyu ndiye mwenyekiti. "Anapiga kampeni, anataka uongozi."

Kalamu ikasimama. Balozi akalitazama daftari, akamtazama mdogo wangu, akaufunga ukurasa polepole. "Anagombea," akasema. "Hilo mngeniambia tangu barabarani. Mambo ya wakubwa haya yana ngazi zake. Mimi ni wa nyumba kumi."

"Kwa hiyo kwa kuwa mkubwa ndiyo apige wake za watu?" bibi akamrukia.

"Ni mke wake, bibi."

"Sasa si ndiyo vibaya zaidi!"

Mimi ndipo nilipoingia, na mfuko wangu wa mchele. Nikamkuta mdogo wangu kaketi juu ya godoro katikati ya kadamnasi, kanga ya mtu begani, na watu wanagombana kuhusu Kazija. Bodaboda alikuwa upande wa Kazija. Alisema mwanamke kuwakutanisha baba na mwana nyumbani kwake namna ile si umalaya, ni akili, yule mzee alitafuta aibu na ameletewa mpaka mlangoni. Nami, bila kujua nimeingia kwenye nini, nikachangia kwamba sikubaliani, maana Mussa hakustahili aibu ya baba yake. Tukabishana hivyo kwa muda mzuri tu. Kwa kweli ulikuwa mjadala bora wa kitabu niliowahi kuusikia, na mimi na mdogo wangu peke yetu ndio tuliojua ni kitabu.

Balozi ndiye aliyeuliza. "Wewe kijana ndiye ndugu. Huyu Maksuudi anakaa wapi?"

"Chini ya mto wangu," nikasema, nikaenda kukileta.

Kimya. Kitabu kikapita mkono kwa mkono. Mama mwenye nyumba alikigeuza nyuma, akakitikisa kidogo, nadhani akitazamia hati itadondoka.

"Kwa hiyo Tamima hayupo," bibi akasema.

"Hayupo, bibi."

"Na mimi nimemsomea Yasini."

Sikuwa na jibu. Akanikumbusha kwamba maandazi manne ni shilingi mia nane. Nikalipa. Bodaboda naye akakohoa, nikampa ya kwake. Mama mwenye nyumba alisema mkaa umeshatolewa stoo, na kurudisha mkaa ni kazi kama kuutoa, kwa hiyo nifikirie.

Balozi alikuwa amevaa miwani upya. "Cha mwaka gani hiki?"

"1980, mzee. Mwandishi ni wa Zanzibar."

"1980," akarudia. Akapiga hesabu kwa vidole. "Basi Maksuudi atakuwa kikongwe sasa. Na kampeni yenyewe ilishapita." Uso ukamkunjuka. Akafungua daftari, akaandika kitu kirefu, akaweka mhuri, kisha akakitia kitabu kwapani. "Hiki ni kielelezo. Kitakaa ofisini."

Ofisi yake ni benchi chini ya mwembe. Nikipita asubuhi namkuta kainama, midomo inacheza, kidole kinafuata mstari. Siku moja watu wawili wenye ugomvi wa mfereji walisimama mbele yake mpaka amalize sura. Mdogo wangu amerudi Morogoro, amemaliza kitabu, na hataki kuniambia Maimuna aliishia wapi. Anasema nisome mwenyewe. Jioni bibi ananiuliza kama kuna habari. Mama mwenye nyumba anaulizia kwa kupitia kodi.

Juzi nikajikaza, nikaenda mwembeni, nikamwamkia mzee shikamoo na kumwomba kwa adabu aniambie japo kidogo, binti kafika wapi.

Akaweka kidole kwenye mstari asije akapotea, akanitazama juu ya miwani. "Wewe ni upande wa ndugu," akasema. "Shauri likiwa bado linasikilizwa, ndugu haambiwi kitu."