Mlezi wa Mwaloni ana kalenda yake

Ukiwatajia vijana wa Mwanza programu ya ulezi wa kibiashara, ile ya kukuunganisha na mzoefu akushike mkono miezi kadhaa, wengi wana jibu moja: "Tupeni mtaji, ushauri tunao." Siwalaumu. Wamekalishwa semina nyingi mno: fulana, soda, picha ya pamoja, cheti, kisha daladala ya kurudi Igoma au Buhongwa na mfuko uleule mtupu. Mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, ambayo asilimia 4 ni fungu la vijana, iliposimamishwa mwaka 2023, kuna waliobaki na andiko la biashara mkononi hawajui walipeleke wapi. Mtu wa namna hiyo ukimletea habari za mlezi, anaona unampotezea muda.

Ila nadhani tunamwadhibu mlezi kwa makosa ya semina.

Pale Dandora, Nairobi, watafiti Brooks, Donovan na Johnson waliwagawa kwa bahati nasibu wanawake wenye biashara ndogo. Kundi moja lilipata darasa la biashara, jingine likapewa mlezi, mwanamke mzoefu wa hapohapo mtaani, na la tatu halikupewa kitu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Darasa halikuongeza faida. Waliopewa mlezi, faida yao ilipanda kwa wastani wa asilimia 20, na sababu kubwa ilikuwa kujua wapi pa kununua mali kwa bei nafuu. Yaani si daftari wala mpango mkakati. Ni kuambiwa, "Usinunue kwa huyu, nenda kwa yule."

Baadaye, walipoacha kukutana, faida ile ikafifia. Wanaopinga ulezi huishika hapo: mnaona, ni gongo la kutembelea tu, likiondolewa mtu anaanguka. Nimeifikiria sana asilimia hiyo 20 inayokuja na kuondoka, na mimi naisoma vingine. Taarifa ya soko huchacha. Muuzaji aliyekuwa rahisi mwezi uliopita leo kapandisha, na aliye sokoni kila siku ndiye anayejua. Kilichofifia ni mazungumzo, faida ikafuata. Lakini sikwepi upande wa pili wa hesabu hiyo: programu ya miezi 3 isijisifu kwa matunda ya miaka 3.

Hapa kwetu nimemfuatilia binti mmoja, mhitimu wa uhasibu, aliyepewa mama wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Siku ya kwanza mama hakumwuliza andiko. Aliingiza mkono katikati ya gunia, akatoa dagaa mmoja, akamvunja. Tap. Akaingiza tena, chini zaidi, akatoa mwingine. Huyu akapinda tu.

"Umeona, mwanangu? Juu wamekauka, chini wabichi. Ukilisafirisha hili, Kongo linafika ukungu."

"Sasa nitajuaje mama, kila gunia nilichimbe?"

"Kila gunia. Na umtafune. Akikwaruza meno, kaanikwa mchangani, wa kwenye chanja hakwaruzi. Usilipe bei moja."

Mratibu, kwa upande wake, alipanga wakutane Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Mama akakosa mara mbili, akaandikiwa "hana ushirikiano". Hakuna aliyemwuliza! Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza; mbalamwezi ikikolea hawakusanyiki kwenye taa, mitumbwi inapumzika, na mzigo Mwaloni unapungua. Hapo ndipo mama ana saa mbili za kukaa na mtu. Kalenda yake inafuata mwezi wa angani.

Kuna hoja za wapinzani ambazo hazina majibu mepesi. Mlezi anaweza kumgeuza kijana kibarua wa bure, abebe magunia kwa jina la kujifunza. Na binti kukabidhiwa kwa mwanaume mwenye mali bila mtu wa kumpelekea malalamiko ni hatari tunayoijua, tusijifanye wageni. Programu isiyo na mtu huyo heri isianze.

Kuhusu mtaji, hata hivyo, wanaosema ulezi hauna hela hawajauangalia vizuri. Mwezi wa tatu mama alimpa binti magunia mawili mali kauli, bila karatasi wala dhamana, kwa sababu alishamwona akichagua. La kwanza alirudisha fedha yote. La pili lilinyeshewa akiwa njiani kwenda Nyakato, akarudisha nusu. Programu imeshafungwa na vyeti vimetolewa, lakini deni la nusu gunia bado lipo, na kila mbalamwezi binti anashuka Mwaloni na chochote alichopata, wanakaa juu ya magunia na kuongea bei.