Mola Nisitiri, kwa Spika Zote

Najua mmeshaiona ile video ya tamasha letu la chuo. Yule mpiga besi, ambaye mpaka juzi nilikuwa namwita rafiki, ameituma kwenye kila grupu lenye watu zaidi ya wawili, na chini yake kaandika: "Fundi mitambo kasinzia, kaamka anasali." Uongo mtupu. Sikusinzia. Laiti ningesinzia tamasha lingekwisha salama, maana kila kitu kilikuwa sawa mpaka mimi nilipoanza kufanya kazi.

Basi sikilizeni kwa mwenye msiba.

Ukumbi wetu wa chuo mnaujua. Ulijengwa kwa mihadhara na mahafali, muziki umeingia humo kama mgeni aliyekuja bila kualikwa. Na si sisi peke yetu. Bendi ya The Who walirekodi lile onyesho lao maarufu la 14 Februari 1970 kwenye bwalo la chakula la Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza. Bwalo! Mahali pa sahani na foleni. Lakini fundi wao hakusali hadharani, kwa hiyo mfano huu haunisaidii, tuendelee.

Shida ya kumbi hizi ni mwangwi. Mwaka 1895 Harvard walimpa kijana wao wa fizikia, Wallace Sabine, ukumbi wa mihadhara ambamo sauti ilikuwa inaning'inia hewani kwa sekunde 5.5 baada ya mtu kufunga mdomo. Mhadhiri anafika neno la kumi na tano, la kwanza bado halijaondoka. Sabine akawa anabeba mito ya viti usiku kutoka ukumbi mwingine, anaipanga, anapiga filimbi ya kinanda, anashika saa, anapima. Humo ndimo ilimotoka hesabu ya mwangwi tunayoitumia mpaka leo. Akagundua pia kwamba mwili wa mtu mmoja unameza sauti karibu sawa na mito sita.

Shikeni hapo kwenye mito sita, ndipo nilipoanzia kuzama.

Saa kumi jioni tulipima sauti ukumbi ukiwa mtupu. Dada muimbaji alinong'ona tu na sauti ikajaa mpaka kwenye feni. Saa mbili usiku watu wamekaa mpaka kwenye ngazi. Yaani mito yote imeingia kwa miguu yake yenyewe, mingine imekuja na wapenzi. Sauti ile ile, maiki ile ile, imekuwa nyembamba kama uzi. Fundi mwenye akili analitegemea hilo na anaacha nafasi ya kuongeza. Mimi nafasi niliiacha. Tatizo ni mahali nilipoongezea.

Kabla hamjanicheka, mjue kwamba maandalizi niliyafanya kwa kitabu. Maiki ya dada ni ile inayosikia mbele na kuwa kiziwi nyuma, kwa hiyo monita yake, ile spika ndogo ya yeye kujisikia, nikailaza sakafuni nyuma kabisa ya mkia wa maiki, inamtazama usoni. Nikaipandisha taratibu mpaka ikaanza kupiga mluzi, nikatafuta mluzi uko wapi kwenye ikwalaiza ya vipande 31, ile ya kupunguza sauti nene au nyembamba kipande kimoja kimoja, nikakata desibeli 3 (desibeli ndiyo kipimo chetu cha ukubwa wa sauti), nikapandisha tena, nikakata penye mluzi wa pili, kisha wa tatu. Hapo nikaacha. (Mnaoanza kazi hii: mkikata sehemu nane, mluzi utaisha kweli, ila muimbaji atasikika kama anaongea akiwa ndani ya ndoo.) Halafu nikaishusha yote desibeli 6 chini ya pale mluzi unapoanzia. Hiyo ndiyo akiba, na akiba hiyo haiguswi.

Nikabandika mkanda mweupe chini ya feda zote, vile vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti. Feda, bila "h". Zile zenye "h" sijalipwa mpaka leo. Chaneli ya 9, njia ya maiki ya dada, nikaiandika DADA kwa kalamu nene.

Kitu kimoja tu kiliniponyoka. Wakati wa kupima, nilitumia tokibeki, kile kimaiki cha fundi cha kuongea na wanamuziki kupitia monita zao. Nikataka kujua spika kubwa za kushoto na kulia zote zinafanya kazi, nikaielekeza na huko: "Maiki moja mbili, moja mbili." Zikaitika vizuri. Alama ile ya kuelekeza kwenye spika kubwa sikuitoa. Nilisema nitaitoa nikishakunywa maji. Nilikunywa maji.

Wimbo wa kwanza, safi. Wa pili, safi, watu wamesimama. Kabla ya wa tatu dada akanitazama, akagusa mdomo wake, akanyoosha kidole juu. Lugha hiyo kila fundi anaijua: nijisikie zaidi kwenye monita. Mikisa yetu, ile meza ya feda na vitufe inayochanganya sauti zote, ni ya kidijitali. Ina kitufe ambacho ukikibonyeza, feda zote zinaacha kuwa za ukumbi na kuwa za monita uliyoichagua. Zinaruka zenyewe kwenda mahali papya kama vifaranga walioona kivuli cha mwewe. Nikakibonyeza, nikampa desibeli 2. Akaonyesha dole gumba. Kilichobaki ni kubonyeza tena ili nirudi kwenye ukumbi.

Papo hapo MC akaniinamia sikioni: "Fundi, maiki yangu ya akiba iko wapi?" Nikamwelekeza. Niligeuka, nikaonyesha kwa kidole, nikarudi kwenye mikisa. Kitaa cha kile kitufe bado kinawaka, kama indiketa ya gari iliyokwisha kata kona kilomita mbili nyuma.

Sasa tuendeni pole pole, maana usingizi wangu umekatikia hapa usiku tatu mfululizo.

Wimbo wa tatu ni wa taratibu. Gitaa moja na dada, basi. Taa zimeshushwa, simu zimeinuliwa, na mpiga besi, ambaye wimbo huo haumhusu, kasimama pembeni ya jukwaa anarekodi. Dada anaanza kwa chini kabisa. Huku nyuma nilipo simsikii vizuri. Nikaishika feda ya 9, nikapandisha kidogo.

Ukumbini hakuna kilichobadilika.

Nikapandisha tena, desibeli 3 hivi. Kimya. Nikajiambia masikio yamechoka, nimesimama karibu na spika tangu jioni. Nikapandisha tena. Ikanijia kwamba labda ni ile mito ya Sabine. Nikawa hata najisikia msomi: wengine wanapandisha feda tu, mimi napandisha nikiwa na historia. Nikapandisha tena.

Mwenzangu, kila nilichokiongeza hakikuja ukumbini. Kilikwenda chote kwenye monita iliyo miguuni pa dada. Akiba yangu ya desibeli 6 ilikwisha zamani, nilishaanza kukopa.

Hata hivyo ingeweza kuvumilia. Ila ubeti wa pili ukamwingia dada moyoni, akafumba macho, akakumbatia kichwa cha maiki kwa viganja vyote viwili. Jamani, waimbaji. Vile vitundu vya nyuma ya kichwa cha maiki ndivyo vinavyoifanya isisikie nyuma. Ukiviziba, maiki inasikia pande zote, na monita iko pale pale, mita moja na nusu, imejaa tele. Sauti ikatoka kwenye monita, ikaingia kwenye maiki, ikaja kwa mikisa, ikaenda kwa amplifaya, ikarudi kwenye monita ikiwa kubwa kidogo. Mzunguko huo unajirudia zaidi ya mara 100 kwa sekunde moja.

Ulianza mbali, wembamba, kama birika linaloanza kuchemka chumba cha tatu. Watu wa mbele wakageuza vichwa. Halafu birika likaingia chumba cha pili. Halafu likawa limekaa mapajani kwetu.

Hapo ndipo nikakiona kitaa. Nikakibonyeza. Feda zikaruka kurudi kwenye ukumbi, na mimi nikafanya kile ambacho mkono wa fundi yeyote ungefanya: nikaivuta ya 9 chini mpaka mwisho.

Sauti ya dada ikatoweka ukumbini. Mluzi ukabaki.

Wataalamu mmeshaelewa, mnaanza kucheka. Njia ya monita inachepuka kabla ya feda ya ukumbi, na ndivyo inavyotakiwa, ili ukimshusha mtu ukumbini yeye jukwaani aendelee kujisikia. Mimi nilikuwa nafunga koki ya jikoni huku bomba lililopasuka ni la bafuni. Kwa hiyo watu mia kadhaa wakawa wanamwona dada kafumba macho, mdomo wazi, hisia zimempanda, na kinachotoka ni mluzi mmoja mrefu usiopumua. Kwa macho ya aliyekuja jana mjini, alikuwa ni yeye anayepiga.

Mkono wangu wa kulia ukaenda kwenye tokibeki. Nia ilikuwa njema kabisa: nimwambie taratibu, kwenye monita yake, "Dada, achia kichwa cha maiki." Nikabonyeza. Nikavuta pumzi. Kijana wa mwaka wa kwanza aliyekuwa ananishikia tochi akanyoosha kidole chake kimoja mbele yangu na kubonyeza miuti, kitufe cha kunyamazisha, ya chaneli ya 9, jambo ambalo lilitakiwa kufanyika sekunde kumi kabla. Mluzi ukakatika kama uzi. Ukumbi mzima ukawa kimya, kimya kile cha mtihani.

Na ndani ya kimya hicho, kwa spika kubwa za kushoto na kulia, na zile za besi mbili za chini, kwa sauti yangu mimi, nzito, yenye mwangwi ambao Sabine mwenyewe angeutolea saa, ikatoka:

"Ee Mola wangu, nisitiri!"

Ikaenda mpaka ukuta wa nyuma, ikagonga, ikarudi: "...sitiri... tiri..."

Kimya tena. Halafu ukumbi wote, kwa pamoja, bila mtu kuongoza:

"AMIIINA!"

Ombi la kusitiriwa, limesikika mpaka getini. Mlinzi ananiita kwa jina hilo sasa.

Yaliyobaki ni mafupi. Dada aliiweka maiki chini, akamalizia wimbo kwa koo lake tu, watu wakamsikiliza vizuri kuliko nilivyowahi kumsikilizisha mimi. Mluzi ulidumu sekunde 11, nimezihesabu kwenye video, si dakika mbili kama anavyotangaza mpiga besi. Sikulia. Lile ni jasho. MC akasema tutaendelea na somo la pili, tukaendelea. Nyimbo nne za mwisho nilizisimamia huku mikono nimeiweka mfukoni, kijana wa tochi akiendesha, na kwa kweli zilitoka vizuri, jambo ambalo sitalizungumzia zaidi.

Watu walipotoka nikaanza kukunja nyaya, duara moja juu na moja chini ili zisijisokote, kichwa nimekiinamisha, naomba tu nimalize niondoke. Kilichobaki ni kuzima mitambo. Na utaratibu wake naujua hata nikiamshwa usiku wa manane: amplifaya ndiyo ya mwisho kuwashwa na ya kwanza kuzimwa. Ukianza na mikisa, mshtuko wote wa umeme unapita mpaka kwenye spika.

Nikazima mikisa.

DUFU!

Vumbi likadondoka kutoka darini. Na nyuma ya pazia, kwa utulivu kabisa, mpiga besi akaitikia:

"Amina."