Armstrong Ndani ya Gari Bovu

Shangazi yangu anaongoza kwaya ya parokia yetu hapa Kamalondo, Lubumbashi, tangu mimi sijazaliwa, na masikioni mwake duniani kuna vitu viwili tu: wimbo na kelele. Aliponiagiza nilete "nyimbo za Noeli, zile za zamani, zenye heshima", ili mkesha wa tarehe 24 kina mama wa kwaya wapashe koo huku wakipika kabla ya Misa ya usiku, nilijua mtihani umenifika. Ndombolo kila mtu Lubumbashi anayo kwenye simu. Noeli ya zamani yenye heshima utaitoa wapi?

Aliyeniokoa ni baba mkubwa, mwenye ugonjwa usio na dawa wa kumpenda Louis Armstrong, mpiga tarumbeta na mwimbaji wa jazi wa Marekani. Novemba 1960 Armstrong alikuja kupiga hapa, mji bado unaitwa Élisabethville, jimbo letu la Katanga limejitenga na Kongo tangu Julai. Kabla ya hapo alikuwa amepita Léopoldville, Kinshasa ya leo, ambako watu walimpokea kwa kumbeba juu ya kiti, mabegani. Baba mkubwa alikuwa mtoto. Ukimwuliza asubuhi, atakuambia alimwona kwa mbali, juu ya ukuta. Ukimwuliza akiwa na bia ya Simba ya pili mkononi, alimbebea sanduku la tarumbeta.

Kwenye flashi yake kulikuwa na albamu ya Noeli ya huyo Armstrong, ile iliyotoka mwaka 2022, mwenyewe akiwa kaburini miaka 51. Enzi za uhai wake hakuwahi kutoa albamu nzima ya Noeli. Nyimbo zenyewe alizirekodi moja moja, nyingi miaka ya 1950, nyingine akiwa na okestra kubwa nyuma yake, ndizo zikakusanywa. Za zamani? Ndiyo. Za Noeli? Ndiyo. Heshima, baba mkubwa alisema tumwachie yeye.

Desemba kwetu ni mvua, kwa hiyo spika ya betri niliitia ndani ya gari bovu lililo katikati ya lupango, yaani kiwanja chetu. Gari hilo halijatembea tangu enzi za Mobutu. Vioo hakuna, kuku hulala kiti cha nyuma. Spika ikakaa kiti cha dereva, nikaifunika kwa gunia la makala, yaani mkaa, isilowe.

Wimbo wa kwanza ulipita salama. Kina mama walitikisa mabega, shangazi akakohoa, wakaacha. Kisha ukaja ule wa Irving Berlin wa Noeli nyeupe, ambao kwaya inaujua kwa Kifaransa. Shangazi uso ukamng'aa. Akachomoa mwiko kwenye bukari, ugali wetu, akauinua, akahesabu. Kwaya ikaingia barabara.

Armstrong hakuingia.

Ndivyo alivyokuwa huyo mtu. Mdundo unamtangulia, yeye anaufuata kwa nyuma, taratibu, mikono mfukoni. Kina mama walipomaliza mstari, yeye ndiyo kwanza anauanza. Wakamsubiri kwa adabu. Walipoona amekaribia wakaanza mstari wa pili, kumbe yeye amemeza nusu ya maneno na ameshapita. Wakamkimbilia. Akasimama tena, akanguruma kidogo peke yake, mambo ambayo hayamo kwenye kitabu chochote cha nyimbo.

"Huyu muzee banamulipa ku saa?" akauliza mama mmoja wa sauti ya pili.

"Arudie mwanzo!" shangazi akaamuru, akiupiga mwiko hewani kwa hasira, na donge la bukari ya moto likaruka likatua kwenye paji la uso la soprano wetu mkuu. Kuanzia hapo hakuna aliyeimba tena.

Shangazi akaenda mwenyewe garini. Mashine zile yeye hazijui. Alizungusha kitufe cha sauti mpaka sifuri, akapiga mlango wa gari, akarudi akijifuta mikono. "Minamufunga." Kumbe ndani ya gunia Armstrong alikuwa anaendelea na kazi yake, wimbo kwa wimbo, kimya kimya.

Mvua ikaja, umeme ukaenda, kama kawaida ya Noeli. Tukajibana barazani na mshumaa mmoja, mbabula, yale majiko ya mkaa, ya kuku na ya sombe (kisamvu), zikiwaka chini ya bati la jikoni. Mtoto wa dada yangu, wa miaka saba, alikuwa ameiba embe na akachagua gari hilo kuwa mahali pa kulila. Akapapasa gizani atafute pa kukalia, mkono ukashika kitufe, akakizungusha mpaka mwisho.

Sasa, mwishoni mwa albamu hiyo hakuna wimbo. Kuna Armstrong anasoma shairi. Alilisoma nyumbani kwake, mtaa wa Corona huko Queens, New York, tarehe 26 Februari 1971, akijirekodi kwa mashine yake mwenyewe ya utepe, na hiyo ndiyo rekodi yake ya mwisho kutolewa kwa kuuzwa. Tarehe 6 Julai akafariki. Shairi lenyewe ni la watoto, la Baba Noeli kushuka kwenye bomba la moshi. Kuna muziki wa piano uliowekwa chini yake kwa ajili ya albamu, mlaini sana, na gunia la makala liliumeza wote. Ikatoka sauti tupu, kama kinu kikisaga mahindi makavu, ndani ya gari lisilo na mtu, gizani, kwa Kiingereza.

Mtoto alitokea dirishani, embe mdomoni. "Kuko muntu mu motoka!"

Katika mji huu ukipiga kelele za mwizi usiku hurudii mara mbili. Filimbi ya kwanza ililia kwa jirani wa kushoto, sufuria zikagongwa hadi ng'ambo ya barabara, na kabla sijavaa kandambili lupango limejaa. Kwado wa pembeni, fundi wa matairi, alikuja na chuma cha kung'olea matairi. Kijana mmoja alikuja na mchi, mwingine na chupa ya Simba ambayo hakutaka kuimwaga. Wakalizunguka gari. Sauti ikaendelea kusoma bila haraka. Duara likarudi nyuma.

Mama mmoja wa maombi akanyosha mkono. "Toka! Kwa jina la Yesu, toka!" Armstrong akavuta pumzi, akaingia ubeti mwingine.

"Pepo gani anasema Kiingereza?" mtu akanong'ona.

"Huyo ametoka Zambia," akajibiwa, na watu wakatikisa vichwa kukubali. Mpaka wa Kasumbalesa si mbali.

Ndipo baba mkubwa akajipenyeza, mwavuli mkononi. "Musimupige! Huyu njo Armstrong!"

Kimya. Kwado akashusha chuma. "Armstrong wa kule ku mwezi?"

"Hapana, wa tarumbeta."

"Sasa wa tarumbeta anafanya nini mu motoka ya bantu?"

Baba mkubwa hakujibu. Alifungua mlango, akavuta gunia, na wakati uleule shairi likaisha, flashi ikarudi mwanzo, na wimbo wa kwanza ukalipuka kwa tarumbeta na ngoma, sauti mwisho. Kuku wote wa kiti cha nyuma walitoka kwa madirisha. Mwenye mchi aliruka ua. Kwado, hilo nampa heshima yake, alibaki pale pale, akasikiliza kidogo, bega moja likaanza kucheza.

Tulicheka mpaka mvua ikaisha, watu wakaagana kwa Noeli njema. Shangazi akaenda jikoni kupakua. Mbabula ya sombe ilikuwa na sombe. Mbabula ya kuku ilikuwa na moto tu. Mfuniko umewekwa chini vizuri, umegeuzwa usichafuke.

Shangazi aliutazama, kisha akamgeukia baba mkubwa. "Rafiki yako amekula kuku yetu."

Baba mkubwa alikasirika kweli, ameguswa pabaya. "Armstrong? Mutu aliyependa maharage na wali mpaka barua zake alikuwa anazimalizia 'wako kwa maharage na wali'? Kuku hapana. Uliza yule wa Simba."

Tulikula bukari na sombe na bitoyo, samaki wakavu wa chumvi, tukaenda Misa.